Mwizi Asiye na Alama

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kama kuna uongo hata wa kujaza kijiko, nyuki wote wa Namtumbo wahamie ndani ya kofia yangu. Na pombe ya ugimbi sijaonja tangu juzi.

Jumanne asubuhi, kwenye ghala moja la mahindi pale Msamala, iligundulika kisanduku cheusi kimeibwa. Hakikuwa kikubwa kuliko mkate. Ndani yake mlikuwa na vidole vya watu themanini na sita.

"Vidole?" Koplo Twaha alishtuka.

"Alama za vidole, afande," alisema William, meneja wa ghala. "Tumesajili wafanyakazi jana kutwa. Kuanzia leo haingii mtu getini mpaka mashine imtambue. Sasa yote yamekwenda."

Inspekta Epifania alikagua eneo la tukio. Kufuli zima. Dirisha zima. Mtaalamu akanyunyiza poda mezani.

"Kwa nini mlichagua vidole?" Inspekta akamuuliza William.

"Mifumo ilikuwa mitatu. Wa kwanza, namba ya siri inatumwa kwenye simu. Wapagazi wanaazimana simu, na mtandao ukikatika geti zima linasimama. Wa pili, kadi. Mmoja anamgongea mwenzake aliyelala nyumbani. Kamati ikaona bora vidole. Kidole humwazimi mtu."

"Nani hakufurahi?"

"Saimon. Muuzaji wa ule mfumo wa simu."

Saimon aliletwa kituoni, tai imepinda.

"Jumatatu jioni mpaka asubuhi ulikuwa wapi?"

"Harusini, Namtumbo."

"Nani alikuona?"

"Afande, mimi ndiye nilikuwa mshereheshaji. Kama kuna asiyeniona, basi ni bibi harusi, alikuwa analia."

"Ulikasirika kukosa zabuni?"

"Sana tu. Lakini mtu wa biashara yangu anaiba mteja, haibi mashine."

Akaachiwa. Mchana mtaalamu wa alama akapiga simu.

"Afande, alama ziko mezani, tena tele. Ila hazina mistari."

"Alivaa glavu?"

"Hapana. Ni ngozi, na jasho lipo. Vidole vimelainika kama kokoto za mtoni. Hizi hata mahakamani hazimtaji mtu."

Inspekta alikata simu. Kisha akarudi ghalani, akamtafuta Jane, karani aliyesajili watu.

"Jana kuna mtu mashine ilimkataa?"

Jane aliinamisha kichwa. "Mama Notburga peke yake. Mara saba. Nikampangusa, nikampaka mafuta, wapi!"

"Ukamwambiaje?"

"Mwongozo unasema asiyesomeka hasajiliwi. Na asiyesajiliwa..." Akatazama getini.

"Ufunguo wa ghala anakaa nao nani?"

"Yeye, afande. Mwaka wa kumi na nne huu. Ndiye anayetufungulia."

Notburga alikuwa ameketi kwenye turubai, miguu ameinyoosha, anachambua punje zilizooza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Usikae hapo, utachafua sare."

Inspekta alichuchumaa, akampa mkono. Kiganja cha yule mama kilikwaruza kama gome. Ncha za vidole ziliteleza.

"Mashine iko wapi, mama?"

"Nimeizika. Nyumbani, kwenye tuta la mihogo."

"Kwa nini?"

Notburga aliweka ungo chini.

"Tumbaku ya watu nimeifunga kwa vidole hivi. Mahindi nimepukuchua tangu nina meno yote. Masufuria nimesugua kwa mchanga na majivu. Hironimus, mume wangu, yuko hospitali mwezi wa tatu huu, anatibiwa kwa bima ya kazi hii. Nikaweka kidole. Jane akanisomea: hatambuliki. Nikaweka kingine. Hatambuliki. William alipoanza kazi hapa, mimi ndiye nilimwonyesha swichi ya taa. Jana alisimama pale, akaitazama mashine. Mimi hakunitazama."

"Ukaamua kuiba."

"Nilisema ikipotea, watarudi kwenye daftari. Kwenye daftari nipo."

Koplo Twaha alikuwa amekwisha kutoa pingu. Inspekta akatikisa kichwa, koplo akazirudisha kiunoni.

Kituoni, maelezo ya mtuhumiwa yalihitaji dole gumba. Notburga akachovya wino, akabonyeza. Karatasi ikabaki na doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Inspekta alilitazama doa lile mpaka likakauka.

Hapo nikaandika kwamba kampuni ilimsamehe, daftari likarudi, na Hironimus akapona, akacheza ngoma ya lizombe mpaka mkanda ukakatika. Pamela, mjukuu wangu anayenichapia, akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Babu, muongo."

"Nani?"

"Wewe. Mama Notburga alifukuzwa. Mzee Hironimus tulimzika Februari. Wasifu wake uliusoma wewe, na hata humo ulitia chumvi."

"Wasomaji wanapenda..."

"Na kwenye ile kamati iliyochagua vidole mlikuwa watatu. Mbona hujajiandika?"

Nikatafuta miwani, nayo nimeivaa.

"Sichapi tena mpaka umlipe Mama Notburga," akasema.

Nimelipa. Jumamosi nilipeleka kwa Notburga gunia la mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, nikaketi uani kwake, nikayapukuchua mwenyewe. Kufika adhuhuri dole gumba lilikuwa linatoa damu. Nikaona nimwambie.

"Mama, mimi nilikuwa kwenye kamati."

Hakuacha kupepeta.

"Najua. Nilikuwa nafagia chini ya dirisha. Ulikuwa unawachekesha wenzio." Akaokota gunzi nililolitupa, akanirudishia. "Hili bado lina punje."