Kipokezi Kilichofungiwa Kabatini

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Shule ya Kamiori walijifunga vitambaa vichwani, wakashika matambara na kusafisha shule yao wenyewe. Kotone, msichana wa darasa la sita, aliongoza zamu ya roshani. Usafi mkuu wa kufunga mwaka ulipowadia, aliazimia kwamba roshani yake isiwe na doa hata moja.

Ukingoni palikuwa na kitu cheupe, mfano wa bakuli lililofudikizwa, chenye waya ulioingia darasani hadi kwenye kipima tetemeko. Watafiti walikiweka hapo baada ya ardhi kutikisika msimu wa vuli. Kotone alikipangusa, akakifungia ndani ya kabati la chuma la mafagio.

"Si tuliambiwa kisiguswe?" aliuliza Ryohei, mwanafunzi mwenzake.

"Kinyesi cha ndege hakikutoka chote. Unataka tuaibike kwa sababu ya bakuli?"

"Haya, bosi. Mimi sijaona kitu."

Kwenye kipima, taa ya kijani ikageuka nyekundu. Kotone aliiona kupitia dirishani. Akashusha pazia ili isionekane.

Katikati ya Januari, Daktari Nagamine, mtafiti mkuu, alikusanya kumbukumbu za vipima vinne vya bonde lile. Vitone vya mitetemo midogo vilikuwa vimehama kwenye ramani yake, vikakusanyika chini ya mteremko ulio juu ya nyumba za wazee. Kwa kuhofia maporomoko, halmashauri iliwahamishia wazee hao kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Walilala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, sakafu ikiwa baridi kama chuma. Babu yake Ryohei alianza kukohoa, na haikuchukua muda gari la wagonjwa likamchukua.

"Anaulizia jiko lake tu," Ryohei alimwambia Kotone. "Na wanasema vitone vilianza kuhama tangu siku ile ya usafi. Roshani yako inang'aa lakini. Hongera."

"Sikujua, Ryohei!"

"Taa je? Pazia je? Mimi nilinyamaza kwa ajili yako. Leo usiposema wewe, nasema mimi."

Kotone alikwenda mwenyewe katika chumba cha walimu, ambako Daktari Nagamine alikuwa amekuja kuzungumza na walimu. Aliinama mbele yake mpaka nywele zikamfunika uso, akaeleza yote. Mtafiti hakumkemea. Alikwenda kufungua kabati, akakitoa kile kitu.

"Hiki ni kipokezi," alisema. "Hupokea wakati sahihi kutoka kwenye saa za atomu zilizo ndani ya setilaiti. Saa hizo huhesabu mawimbi yanayoiamsha atomu, na atomu haichoki wala haisikii baridi. Maelfu ya miaka yatapita kabla hazijakosea sekunde moja. Ndani ya chuma, kipokezi hakisikii kitu. Kipima kikabaki na saa yake ndogo, ikachelewa kidogo kidogo hadi nusu sekunde."

"Nusu sekunde tu, Daktari?"

"Katika nusu sekunde, wimbi la tetemeko hupita kilomita tatu za mwamba. Sisi hulinganisha wakati lilipofika katika kila kipima ndipo tujue limetoka wapi. Saa moja ikidanganya, tetemeko la chini ya mto usio na watu huhamia chini ya kitanda cha mzee."

Hesabu ilirudiwa bila kipima cha shule, na vitone vikarejea chini ya mto. Wazee walirudi majumbani mwao. Babu yake Ryohei hakurudi. Alifia hospitalini alfajiri ya siku ileile.

"Ningesema mapema angepona?" Kotone alimuuliza Daktari.

"Sijui, na nisilolijua sitakudanganyia. Ninalolijua ni hili: saa inayokiri kwamba imepotea huwekwa kando, hesabu ikasalimika. Inayonyamaza huzipotosha na zile za kweli. Kukosea si kosa kubwa, Kotone. Kosa kubwa ni pazia. Nami taa ile nyekundu ilikuwa kazi yangu kuiangalia, sikuiangalia. Vaa koti. Sisi wawili tunakwenda kuomba radhi nyumbani kwa Ryohei."

Walikwenda kwa miguu kwenye theluji. Aliyewafungulia mlango alikuwa Ryohei.