Kadi Ndogo, Picha Kubwa

Kila siku saa kumi na moja jioni, mshonaji hufunika cherehani yake, hufuta miwani na kukaa mbele ya kompyuta. Mke wake alifariki zamani. Binti yake wa pekee anasomea uuguzi katika mji wa mbali. Kwa saa nzima baba na binti hushindana mbio za magari kwenye gemu, kila mtu kwake, huku wakizungumza. Humo ndimo mshonaji hupata habari zote: mitihani, viatu vinavyobana, mwenzake wa chumba anayekoroma.

"Baba, unaendesha kama umebeba mayai," binti humtania.

Jumanne moja, kwenye kona ya kwanza tu, gari la mshonaji liliganda. Sauti ya binti ikakatikakatika kama ya mtu mwenye kwikwi. Picha iliporudi, gari lilikuwa mtaroni.

Jumatano ikawa vilevile. Mshonaji alielekeza feni kwenye kompyuta, akidhani imepata joto. Wapi! Alhamisi binti aliuliza kama baba amechoka na mchezo. Mshonaji akajibu kwamba mikono imezeeka, labda wapumzike kidogo.

Wakapumzika. Sasa binti alipiga simu tu. Umekula? Nimekula. Umelala vizuri? Vizuri. Kisha kwaheri. Mshonaji alianza kukosea hata mishono ya kawaida. Siku moja alishona mfuko wa shati kwa ndani.

Mwenye shati alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke fundi wa kompyuta. Aliligeuza shati, akacheka, kisha akamtazama mzee usoni na kuacha kucheka. Akamuuliza kulikoni. Mshonaji akamweleza yote, isipokuwa jinsi jioni zilivyokuwa ndefu.

Fundi aliketi mbele ya kompyuta ya mzee, akafungua gemu, akatazama.

"Mzee, nani aliweka picha ziwe za juu kabisa?"

Ni binti. Alipokuja likizo, siku chache kabla ya ile Jumanne, aliona baba anakodoa macho, akapandisha kila kitu ili aone vizuri. Tangu hapo mshonaji hakuthubutu kugusa chochote. Kilichowekwa na mwanawe kilikuwa kimewekwa.

"Kakupenda, lakini kaielemea kompyuta," fundi alisema. "Ukikata nguo, vitambaa unaviweka wapi?"

"Hapa, kwenye meza ya cherehani."

"Meza ikijaa?"

"Naweka kitandani, chumba cha pili."

"Kisha kila ukitaka kipande, unainuka, unakwenda, unarudi. Cherehani inakungoja."

Akaeleza kwamba ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, na kadi hiyo ina kumbukumbu yake. Hiyo ndiyo meza. Ni ya haraka, lakini ya mzee ilikuwa ndogo, gigabaiti mbili tu. Picha zile za juu zilihitaji kama nne. Zilizokosa nafasi zilipelekwa kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, ile inayoitwa RAM. Huko ni mbali zaidi kwa kadi, kwa hiyo gari huganda likingoja picha zifike.

"Na kitanda chenyewe umekijaza, mzee." Fundi alionyesha kurasa kumi na saba za mitindo ya magauni, zote ziko wazi. "RAM nayo ikijaa, kompyuta inahamishia vitu kwenye diski. Huko ni kama kwenda kuchukua kitambaa sokoni."

Mshonaji aliuliza kama kuongeza RAM kutaponya. Fundi akasema kungesaidia kitanda kisijae, lakini meza ingebaki ileile. Dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo.

Walifunga kurasa. Fundi akashusha ubora wa picha hadi wa kati, na kipimo cha kumbukumbu ya kadi kikatoka kwenye nyekundu. Kwa ajili ya macho, alikuza maandishi na kuongeza mwangaza. Hayo, alisema, hayali nafasi ya maana. Mshonaji alizunguka uwanja mara tatu. Gari halikuganda. Miti ya pembeni ilipoteza majani kidogo, lakini nani anahesabu majani?

Saa kumi na moja alimwita binti. Walikimbia mbio mbili bila kukwama, na binti akashinda zote. Baada ya ya pili alisema, kwa sauti ya chini, "Nilidhani umenichoka, Baba. Mikono inaendeleaje?"

Mshonaji alitaka kusema inaendelea vizuri. Akaachia kibodi.

"Mikono ni mizima, mwanangu. Niliogopa utachoka kunisubiri kila nikikwama. Magari haya mimi hata siyapendi. Nakuja kukusikia wewe. Nyumba bila sauti yako inanishinda."