Neno la Siri la Redio

Kabati la mafaili lilimmalizia sentensi. Ndivyo ilivyoanza, asubuhi kweupe, wagonjwa wakiwa tele kwenye benchi la nje.

Karani wa kumbukumbu pale zahanati hakuweza kuchapa bila kunong'ona. Kazi yake ilikuwa kuhamishia mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta, na kila alichoingiza, kuanzia neno la siri la kufungulia mashine hadi ugonjwa wa mtu, kilipita kwanza mdomoni. Wenzake wakambandika jina Redio. Naye alicheka nao, maana hakujua kuna msikilizaji.

Siku hiyo alinong'ona, "Seremala, miaka arobaini, amepimwa..." na sauti nyuma ya kabati ikamalizia jibu la kipimo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kesho yake sauti ile ikatokea ukutani, upande wa benchi alipokuwa ameketi seremala, ikamtaja yeye na ugonjwa wake mbele za watu. Maskini baba wa watu akainuka, akaenda zake, na dawa hakurudi kuchukua tena.

Redio akakimbilia kwa mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Hilo jini umelifuga mwenyewe, mwanangu," akaambiwa. "Linakula kinachotamkwa. Funga mdomo siku saba, litaondoka kwa njaa."

Siku sita alichapa ameng'ata kitambaa. Ukuta ukanyamaza, harufu ikaisha. Siku ya saba akafungua faili ambalo daktari alikuwa akilisubiri: lilikuwa la mdogo wake. Jibu lilikuwa baya. Jana yake tu mdogo wake alikuwa amemlilia: "Dada, jibu likiwa baya, niachie nimwambie mume wangu mwenyewe. Akilisikia kwa watu ataniacha, na mimba hii." Na shemeji alikuwa pale pale kwenye benchi, amemsindikiza mkewe.

Akachapa herufi moja moja, taya zikimuuma. Akahifadhi, akafunga mashine, akatoa kitambaa mdomoni. Kimya. Alitamani kucheka.

Mara skrini ikawaka yenyewe, ikaomba neno la siri, na vitufe vikaanza kubonyea kimoja baada ya kingine bila kidole juu yake, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiunong'ona kila asubuhi kwa miaka minne, na ile harufu ya nywele ikarudi nzito, naye akaurukia waya, akaung'oa ukutani, akaikumbatia skrini kuifunika kwa kifua chake kama mtoto, lakini maandishi yakaendelea kung'aa chini ya nguo yake, hadi faili la mdogo wake likafunguka.

"Usisome," akaomba. "Nakusihi, usimsome yeye. Soma langu."

Nje, kwenye benchi, sauti yake ikaanza kwa jina la mdogo wake. Shemeji, aliyeijua vizuri sauti ile na kuiamini, akageuza kichwa kusikiliza.