Maji Yaliyokaa Sana Chini

Sufuria ilikuwa imejaa maji asubuhi. Sasa ilikuwa nusu, na moto bado unawaka.

"Yachemke mpaka yaishiwe ubishi," alisema mama.

Alimhofia kitindamimba wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Hakutaka awe na meno kama ya dada yake. Meno ya dada mtu yalikuwa na mabaka ya kahawia. Akicheka, aliziba mdomo kwa kiganja. Jambo hilo lilimuuma mama kila siku.

Baba, mchimba visima, alikuwa na dawa yake. "Nitachimba zaidi. Maji ya chini kabisa ndiyo safi."

Kisima chao alikichimba mwenyewe, akipasua mawe meusi ya volkano. Hakupenda kusikia kikisemwa vibaya.

Siku hiyo mpimaji wa maji alirudi. Alikuwa amepeleka maabara chupa za maji ya kisima na za chemchemi ya mlimani. Aliitazama sufuria, akamgeukia mama.

"Dada, kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini kinachoharibu meno ni floridi, madini yanayotoka kwenye mawe haya. Maji yanapaa na mvuke, floridi inabaki sufuriani."

Mama akashika kichwa. "Kumbe namkolezea mwanangu."

"Hukujua, dada. Yakitokota tu, epua."

"Basi nichimbe," alisema baba.

"Subiri, shemeji. Maji yana chembe nyepesi na nzito. Tunaziita isotopu. Mvua ya juu mlimani ina chembe nzito chache kuliko ya huku chini. Kwa alama hiyo tumejua kuwa maji ya kisima na ya chemchemi ni ya mvua ile ile ya mlimani."

"Si nilisema? Ni ndugu."

"Ni ndugu, ila hawalingani umri. Kuna alama nyingine inayopungua kadiri maji yanavyokaa chini. Ya chemchemi hayakukaa sana chini, floridi yake ni kidogo. Yako yamezunguka miaka mingi ndani ya mawe. Majani ya chai ukiyaacha kwenye maji, si chai inazidi kukolea? Hapa ukichimba zaidi, utakuta maji ya zamani zaidi."

Baba akageuka kukitazama kisima chake.

"Na meno yangu?" dada mtu aliuliza nyuma ya kiganja.

"Mabaka hayo hayatoki kwa kubadili maji, mwanangu. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza. Ila meno ya ukubwani ya mdogo wako bado yanajengeka ndani ya fizi."

Kesho yake baba alikipita kisima chake akisukuma baiskeli yenye madumu.

"Mchimba visima, umekimbia kazi yako mwenyewe?" jirani alimtania.

"Hicho nimekiachia kufulia nguo. Maji ya kunywa na kupikia yanatoka mlimani."

Dada mtu alikuwa nyuma yake, na ndoo kichwani.

Miaka ikapita. Meno ya utoto yakamtoka kitindamimba, wakamwita Pengo. Asubuhi moja dada yake alimshika kidevu, akamchungulia mdomoni.

"Baba, njoo uone. Limeota. Ni jeupe."

Baba alikuja mbio, mikono imejaa udongo. Alimkuta binti yake anacheka, na viganja vyake vyote viwili viko kwenye mashavu ya mdogo wake.