Joka la Ryohei

Kila siku shule ikiisha, Chinatsu alikuwa na ratiba ileile. Viatu vya ndani kabatini, viatu vya nje miguuni, mkoba mgongoni, halafu mbio! Mbio mpaka duka la peremende la Bibi Kumakura, pale kwenye kona ya mtaa wa viwanda vya vijiko, ambako mashine za kung'arisha chuma hulia wiiii kutwa nzima mpaka masikio yanazoea. Nje ya duka kuna benchi. Ukipita hapo jioni, huwakosi watoto wa darasa la tano wameinamia gemu zao, midomo imejaa bisi za mahindi.

"Mtavunjika shingo nyie!" Bibi Kumakura huwafokea kutoka ndani. "Na wewe Chinatsu, makaratasi yako pipani, si chini ya benchi langu!"

"Ndiyo, Bibi!"

Msimu ule mji mzima wa Tsubame, kwa upande wa watoto, ulikuwa na mchezo mmoja tu: Bonde la Mazimwi. Unakamata zimwi, unalilea, unalipiganisha na la mwenzako. Yapo ya maji, ya moto, hata ya matope. Lakini lililowanyima watoto usingizi lilikuwa Garudetsu, joka la chuma. Jamani, hilo joka! Magamba kama visu, mabawa kama milango ya ghala. Goichi, bingwa wa darasa, alilitafuta tangu masika akalikosa.

Na nani alilipata? Ryohei. Mgeni wa darasa, aliyehamia muhula wa pili ulipoanza, mvulana anayeongea kwa sauti ndogo kama anaogopa kumwamsha mtu.

"Nitakuja nalo Jumamosi," aliliambia darasa, masikio yamemwiva. Jumamosi chama cha watoto wa mtaa kilikuwa na mashindano ukumbini.

"Tutaona," Goichi akasema, huku akimkazia macho.

Sababu ya Ryohei kusubiri ilikuwa hii. Joka la chuma lina kiburi chake. Ulilishe, ulibembeleze, ulipiganishe mpaka vidole viume, litabaki dogo, limefifia kama sufuria kuukuu. Halikui mpaka litoke kwenye gemu ya mwenyewe na kuingia kwenye gemu ya mtu mwingine. Kwa hiyo watoto wana desturi yao: unampitishia rafiki, zimwi linakua mikononi mwake, naye anakurudishia palepale. Hakuna kuandikishana. Unachagua tu mtu wa kumpa.

Ryohei alimchagua Chinatsu, kwa sababu walikuwa zamu moja ya kufuta korido, na Chinatsu ndiye aliyekuwa akimngoja amalize.

Ilikuwa Jumanne, mvua inanyunya, wengine wote wameenda mazoezi ya besiboli. Wakakaa wawili benchini, wakasogeza gemu zao karibu.

"Linaitwa Saji," Ryohei akasema.

"Saji? Kijiko?" Chinatsu karibu apaliwe na bisi. "Joka la chuma umeliita Kijiko?"

"Mama yangu anang'arisha vijiko. Na lilipokuwa dogo lilikuwa na kichwa kama kijiko. Usicheke basi!"

"Sicheki. Bonyeza, bonyeza!"

Akabonyeza. Skrini ya Chinatsu ikawa nyeupe, kisha kile kijoka kilichofifia kikaanza kutetemeka. Magamba yakafunguka moja baada ya jingine, chak, chak, chak! Mabawa yakachomoza, shingo ikarefuka, na mwanga ukapita juu ya mwili wake wote. Wote wawili wakapiga kelele mpaka Bibi Kumakura akatoka na ufagio akidhani kuna nyuki.

Hapo hapo vipaza sauti vya mji vikaanza kupiga wimbo wa saa kumi na moja. Ukisikia wimbo huo unakwenda nyumbani, hakuna mjadala. Ryohei akaruka. Mama yake alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mama wote.

"Nirudishie kesho!" akapiga kelele, tayari yuko barabarani.

"Kesho!" Chinatsu akaitikia.

Na alimaanisha kweli, tusimwonee.

Lakini jioni ile, baada ya kula wali na mchuzi wa kari, alifungua gemu yake ili aliangalie tu. Kidogo tu. Akalipeleka mgodini kupigana na mlinzi wa lango, yule aliyemshinda yeye kiangazi kizima. Saji akafungua kinywa mara moja, mlinzi chali. Chinatsu akarukaruka juu ya godoro hadi mama yake akagonga ukuta.

Kesho yake shuleni Ryohei akamfuata penye makabati ya viatu. "Umeleta?"

"Nimeisahau nyumbani," Chinatsu akasema. Gemu ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alitaka siku moja tu ya ziada, basi. Lile lango la pili lilikuwa bado.

Alhamisi Ryohei akauliza tena, na safari hii mdomo ukamtangulia Chinatsu.

"Betri ilizimika," akasema. "Siku ile ile. Kabla sijasevu. Nilipowasha... halikuwepo."

Ryohei akainamisha kichwa. Akakodoa macho kwenye viatu vyake. Chinatsu akangoja apige kelele, alie, amsukume, lolote.

"Pole," Ryohei akasema hatimaye.

"Pole? Mimi?"

"Lazima uliogopa sana. Kosa ni langu, nisingekimbia vile." Akajaribu kutabasamu. "Nitatafuta jingine."

Chinatsu alitamani sakafu impasukie. Ndipo akaona ujinga wa alichofanya. Alikuwa na joka kubwa kuliko yote mtaani, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angeweza kumwonyesha. Jumamosi hangeweza kulitoa, maana Ryohei angekuwepo. Jina lenyewe hangeweza kulibadilisha, maana mchezo humruhusu mwenye zimwi wa kwanza tu kufanya hivyo. Lingebaki Saji, limefichwa, kama kitu cha wizi. Na kwa kweli lilikuwa kitu gani kingine?

Mchana, wakati wa usafi, watoto wameinama na matambara yao, Goichi akasimama katikati ya korido na ndoo.

"Haya Ryohei, Jumamosi hiyo inakuja. Joka halijambo?"

Ryohei akakamua tambara lake. "Limepotea."

"Limepotea!" Goichi akageukia wenzake. "Mmesikia? Limepotea, kama paka! Ulitazama chini ya gari?"

Korido nzima ikaangua kicheko.

"Lilikuwepo," Ryohei akasema.

"Nani aliliona? Mtaje mmoja tu aliyeliona."

Ryohei akamtazama Chinatsu. Mara moja tu, haraka, kisha akaangalia pembeni. Angeweza kusema. Neno moja tu, na kicheko chote kingehamia kwa Chinatsu aliyepoteza joka la mwenzake. Hakusema.

"Hakuna," akajibu.

"Joka Hewa!" Goichi akatangaza, na jina likashika palepale kama gundi. Joka Hewa kwenye chakula cha mchana kesho yake. Joka Hewa kwenye foleni ya bomba. Mtu akachora joka lisilo na mwili ubaoni. Ryohei alikula maziwa na mkate wake bila kuinua kichwa, na alipomaliza kufuta korido aliondoka peke yake, hakumngoja Chinatsu.

Ijumaa hiyo jioni Chinatsu alimkuta mama yake jikoni, mikono imejaa wali. Mwaka huu zamu ya kuongoza chama cha watoto ilimwangukia yeye, na tangu hapo hakuacha kulalamika.

"Matonge ya wali ya watoto ishirini, na nani kasaidia? Hakuna! Hebu nikatie mwani huo. Halafu mama yake Ryohei amepiga simu. Anasema mtoto haji kesho, nimwondoe kwenye ratiba. Eti hataki tena hata kuiona hiyo gemu." Akamgeukia. "Si rafiki yako huyo? Kuna nini?"

Mkasi ukasimama.

"Chinatsu."

"Wanamwita mwongo, Mama."

"Kwani amedanganya?"

"Hapana." Akaweka mkasi chini. "Mimi ndiye."

Yakatoka yote, benchi, mlinzi wa lango, betri, korido, huku machozi yakidondokea mwani. Mama aliosha mikono yake taratibu, akaifuta, akasogeza ule mwani mbali.

"Sasa utamwambia kwamba limepatikana?" akauliza.

Chinatsu alikuwa amewazia hivyo hivyo! Limejitokeza lenyewe, maajabu, gemu ilikuwa na hitilafu. Akatikisa kichwa.

"Naweza kwenda kwa Ryohei na wewe?" akauliza badala yake. "Yaani, wewe uje na mimi?"

"Mimi sikudanganya mtu. Vaa koti, nenda mwenyewe."

Familia ya Ryohei ilikaa juu ya karakana ya kung'arishia vijiko. Ryohei alifungua mlango mwenyewe, na Chinatsu akainama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Halikupotea," akaiambia sakafu. "Ninalo. Nililitaka tu. Betri haikuzimika. Samahani."

Alipoinuka, uso wa Ryohei ulikuwa mwekundu.

"Nilikuficha," Ryohei akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ndogo. "Walinicheka siku mbili nikakuficha wewe! Ili wasikucheke!"

"Najua."

"Leta."

Wakasogeza gemu zao pale mlangoni, wima, bila kuketi. Saji akaruka kutoka skrini moja kwenda nyingine. Hakuna aliyepiga kelele. Ryohei alilitazama joka lake, akafunga gemu, akafunga na mlango.

Njiani kurudi, Chinatsu alitegemea angalau kujisikia mwepesi. Wapi! Joka lilikuwa limerudi kwao, ndiyo, lakini mtaa mzima bado ulikuwa unasema Joka Hewa. Hilo lisingemalizwa na samahani ya mlangoni kwa Ryohei.

Jumamosi ukumbi wa mtaa ulijaa. Viatu vimerundikana mlangoni, wadogo wa darasa la kwanza wanakimbizana kati ya meza. Ryohei hakuonekana.

"Joka Hewa kaogopa!" Goichi akacheka. "Kapotea na yeye!"

Mama wa Chinatsu akachukua kipaza sauti ili kufungua mashindano. Chinatsu akamfuata pale mbele, akamvuta mkono wa sweta. "Mama, naomba kwanza mimi."

Mama akamtazama, akampa.

Kumbe kipaza sauti ni kizito hivi! Chinatsu aliona nyuso zote zimeelekea kwake, na akasema haraka kabla miguu haijamkimbia.

"Ryohei hakudanganya. Joka lipo. Alinipitishia mimi likue, nikakaa nalo. Nikamwambia limepotea. Kwenye korido aliwaambia hakuna aliyeliona, kwa sababu hakutaka mnicheke. Mimi nililiona, lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikakaa kimya. Kama mnataka kumwita mtu mwongo, niko hapa."

Kijana mmoja akanong'ona, "Duh." Msichana wa mbele akavuta kiti chake mbali na cha Chinatsu, na hilo liliuma kuliko lilivyoonekana.

Goichi alikuwa anakuna shingo. "Sasa liko wapi?"

"Hapa," sauti ndogo ikasema kutoka mlangoni.

Ryohei alikuwa amesimama kati ya viatu, mama yake nyuma yake. Hakuna aliyejua amekuwa pale tangu lini, lakini masikio yake yalikuwa yameiva, kwa hiyo alisikia. Akavua viatu, akaja mpaka meza ya Goichi, akafungua gemu. Watoto wakamiminika.

"Ni lenyewe!"

"Tazama mabawa!"

"Saji? Mbona linaitwa Kijiko?"

"Kwa sababu nimetaka," Ryohei akasema.

Goichi alilitazama muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nilikuita vibaya. Basi. Panga zimwi lako nikupige vizuri."

Hakumpiga. Saji alimlaza Goichi raundi ya pili, ukumbi ukapasuka kwa kelele. Raundi ya tatu Saji mwenyewe akachezea kichapo kutoka kwa kitoto cha darasa la kwanza chenye chura wa matope, chuma kikaota kutu, na huyo mdogo ndiye aliyeondoka na zawadi. Ryohei alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye, watu wakila matonge ya wali, Chinatsu alikuwa akikunja viti peke yake. Mama yake akashika upande wa pili wa meza wakaiinua pamoja.

"Joka ulilirudisha kwa dakika moja," Mama akasema. "Jina zuri la mtoto wa watu, umeona ilivyokuwa kazi? Na wapo ambao hawakuja leo, Jumatatu bado watamwita vile. Itabidi useme tena."

"Nitasema."

"Ukidanganya, mwanangu, uongo haukai kwako tu. Unakwenda kumkalia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule aliyekuamini. Ukikosea, sema mapema, kukiwa bado ni kosa dogo. Ukichelewa, sema hivyo hivyo, hata kama watu ishirini wanakutazama. Leo umesema. Mimi mama yako nimeona." Akapiga meza kofi dogo. "Sasa shika vizuri, miguu yangu iko chini hapo!"

Walipomaliza, Ryohei alikuwa amesimama mlangoni na tonge la wali katika kila mkono. Akampa moja.

"Saji sikupi tena," akasema.

"Najua."

"Mpaka theluji iyeyuke, angalau."

Chinatsu akatazama nje. Ilikuwa mwezi wa kumi, na theluji yenyewe ilikuwa haijaanza hata kuanguka.

"Nitangoja," akasema, wakaketi ngazini wakala.