Zamu ya Kibonge

Kila alasiri, Chiriku akishavua sare za shule na kuosha vyombo, mama yake alimpa simu acheze mchezo wa kupanga matunda ya rangi moja. Sharti lilikuwa moja tu: mdogo wake, Kibonge, akae mapajani, nao wacheze kwa zamu. Mama, fundi cherehani, alikuwa akishona katika chumba cha mbele.

Siku hiyo Chiriku alikaribia kuvuka hatua ngumu. Kibonge akanyoosha kidole.

"Dada, zamu yangu!"

"Ngoja bwana, utaniharibia!" Akachukua kopo la vifungo vya mama, akavimwaga mkekani. "Haya, panga hivi. Vyekundu na vyekundu. Ni mchezo ule ule."

Kibonge akanyamaza. Chiriku alikifurahia kimya kile, asijue kimebeba nini.

Alipoinua macho, mtoto alikuwa ameshika shingo, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Mama!"

Mama alikuja mbio. "Amepaliwa huyu," akasema, akinyakua kikombe cha maji.

Chiriku, ambaye kwa maneno hakuwa na mpinzani, alihisi ulimi umekuwa jiwe. Akisema, fimbo inamngoja. Asiposema... Midomo ya Kibonge ilikuwa inageuka rangi. Ee Mungu, nisaidie.

"Usimpe maji, Mama! Ni kifungo! Nimempa mimi!"

Kikombe kilianguka. Mama alimlaza Kibonge kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Kimya. Akampiga tena. Kimya. Chiriku alifumba macho. Pigo jingine, kifungo kikaruka, kilio kikafuata. Chiriku hakuwa amepata kusikia kilio kitamu kama kile.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi alimpima, akasema yu salama, na kwamba maji yangemzidishia hatari.

Njiani wakirudi, Chiriku alisema, "Mama, simu sitaigusa tena."

"Utaigusa. Mchezo ule hauna kosa, mwanangu. Ni mfupi, mwepesi, hata mtoto mdogo anabonyeza akacheka. Unafaa nyumba yenye watoto, ila pale tu unapotukusanya. Ukimsukuma mdogo wako pembeni ili ushinde wewe, umeshapoteza." Mama akamshika mkono. "Tena uliogopa fimbo, ukasema kweli hivyo hivyo. Namshukuru Mungu hukungoja. Kweli isemwe mapema, ingali inaweza kuokoa."