Kitu Kikishaanguka

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka la vifaa vya magari la Bwana Gjon lilijaa watu mpaka mlangoni. Sisi wa Shkodra, kaskazini mwa Albania, wiki nzima tunapanda baiskeli, lakini sikukuu ikifika kila mtu anataka Mercedes yake ing'ae, Mkristo na Mwislamu vilevile, hata kama Mercedes yenyewe ina umri wa kuitwa babu. Watu waligombania shampuu, nta na ndoo. Pembeni, mbele ya kapu kubwa la taulo za maikrofaiba, mwanamume mmoja mrefu alikuwa anafunua taulo moja moja na kuipitisha shavuni, macho kayafumba.

"Kaka, hizo ni za kufutia magari," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Ukitaka za kulalia, nenda duka la jirani."

Aligeuka. Muuzaji alivaa gauni la kijani, nywele nyeusi kazibana kwa penseli, na shingoni kaning'iniza mkasi mdogo kwa utepe. Jina lake Vitore. Mwanamume aliitwa Pashk, naye alikuwa na sehemu yake ya kuoshea magari kando ya barabara ya ziwani. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, ila viatu vimelowa.

"Natafuta iliyo laini," alisema.

"Ulaini wa shavuni unadanganya. Lete mkono."

Pashk akatoa kiganja kilichopasukapasuka kwa sabuni. Vitore akapitisha taulo ya kwanza, ikateleza. Akapitisha ya pili, nyuzi zikang'ang'ania kwenye mipasuko ya ngozi mpaka Pashk akasisimka.

"Umeisikia? Hii inashika, itakunywa maji. Ile ya kwanza itayasukuma tu huku na huku. Haya, papasa ukingo wake."

"Mgumu kidogo."

"Kidogo hichohicho ndicho kitakachochora rangi, halafu mwenye gari akutukanie mama yako. Chukua hizi zisizo na pindo. Na lebo uzikate kabla hujazitumia."

"Nikisahau je?"

"Ukisahau, zilete nitakukatia."

"Zote?"

"Kwani umenunua ngapi?"

"Bado sijanunua."

"Basi nunua kwanza, dada wa watu anafanya kazi."

Alinunua furushi zima, na hakukata lebo hata moja. Jumanne akazirudisha zote, uso kaukaza kama mtu aliyesahau kweli. Vitore akacheka mpaka Bwana Gjon akachungulia kutoka stoo. Akavuta kiti, akaanza kukata lebo moja baada ya nyingine, na Pashk akakaa karibu yake akimshikia taulo.

Walipendana haraka, na hawakujua kuficha. Pashk alijua rangi ya gari, jinsi inavyochubuka na jinsi inavyorudishwa. Vitore alijua vitambaa, maana alishona miaka mingi kwenye viwanda vya viatu vya Waitaliano. Jioni walikunywa kahawa mtaa wa watembea kwa miguu, Pashk kavaa viatu vikavu kwa ajili yake. Kwetu ukinywa kahawa na mwanamke mara mbili kwenye meza ileile, mji mzima unaanza kukuchagulia suti ya harusi.

"Umeshafika nyumbani, moyo wangu?" Pashk alipiga simu kila usiku.

"Tumeachana sasa hivi, Pashk. Baiskeli yangu haina mabawa."

"Nilitaka kuhakikisha tu."

"Hakikisha ulale. Kesho utaosha gari la watu ukisinzia."

Mapema kabisa Vitore alimwambia kila kitu, maana hakutaka aambiwe na wengine. Aliwahi kuolewa. Walisaini ndoa na mwanamume wa hapahapa kwenye manispaa ya Bergamo, Italia, wakakaa pamoja majira moja ya baridi, mpaka alipogundua kwamba mumewe ana mke mwingine ghorofa ya juu ya jengo lilelile. Alirudi Shkodra na sanduku moja. Tangu hapo mtaani kwao wanamwita Aliyerudi, kama vile ni jina la ukoo.

"Kwangu hujarudi," Pashk alimwambia. "Kwangu ndiyo kwanza umekuja."

Vitore aligeuza uso pembeni ili asionekane anavyofurahi. "Na mama yako?"

"Mama niachie mimi. Nitamwambia."

Aliahidi atasema mwezi wa Mei. Mei ikaisha, na Juni, na Julai.

Sasa mjue kwamba Pashk alikuwa na sheria moja kazini kwake. Taulo za bluu ni za bodi, za njano za vioo, za kijivu za rimu. Na ya bluu ikianguka chini, haigusi tena bodi ya gari. Punje moja ya mchanga ikijificha kwenye nyuzi inatosha kuchora mstari mrefu kwenye rangi nyeusi, na hakuna sabuni ya kukuhakikishia kwamba imetoka. Ikianguka inashushwa daraja, inakwenda kufuta rimu.

Mchana mmoja mwanzoni mwa Agosti, Vitore alipiga simu kumuuliza kama ameshasema na mama yake. Pashk akapokea. "Mama yuko hapa kaniletea chakula. Subiri kidogo, roho yangu." Akaitumbukiza simu mfuko wa shati bila kuikata.

Vitore akasikia maji yanamwagika, kisha sauti ya mama mtu mzima. "Na huyu utamfanyaje, mwanangu?"

Halafu sauti ya Pashk, kali, ambayo hakuwahi kuisikia. "Kitu kikishaanguka kimeanguka. Mimi sikirudishi kwangu, hata kifuliwe mara kumi."

Mama akacheka. Vitore akakata simu.

Hakupokea tena. Pashk alipokuja dukani, alijifungia stoo akamwachia Bwana Gjon aseme hayupo. Usiku alilia kwa hasira, maana aliona amerudishwa mara ya pili, na safari hii bila hata kuolewa. Mwisho Pashk alimvizia nje ya duka saa ya mapumziko ya mchana, akakaa juu ya kiti cha baiskeli ya Vitore ili asiweze kuondoka.

"Toka hapo."

"Sitoki mpaka uniambie nimekukosea nini."

"Kitu kikishaanguka kimeanguka," Vitore alisema. "Hata kifuliwe mara kumi. Nilikusikia, Pashk. Wewe na mama yako mkinicheka."

Pashk alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, akajishika kichwa. "Zef. Binamu yangu Zef aliangusha taulo akaiokota, akataka kuendelea kufuta nayo gari jeusi la daktari. Mama akaniuliza nitamfanyaje huyu Zef. Vitore, nilikuwa nasema taulo."

"Taulo?"

"Ya bluu."

Kicheko kikamtoka Vitore pamoja na machozi. "Nimelia Agosti nzima kwa ajili ya taulo. Na lebo yake niliikata mimi kwa mkono wangu." Pashk akamkumbatia palepale njiani, waendesha baiskeli wakiwapigia kengele, naye akajiachia mikononi mwake. Ilikuwa raha tupu, na kama hadithi ingekuwa yangu kuipangia, ningeikatia hapo.

"Sasa niambie," Vitore alisema kifuani pake. "Ulipomwambia mama yako habari zangu, alisemaje?"

Mikono ya Pashk ikalegea.

"Hujamwambia."

"Nimemwambia kuna msichana. Nimemwambia ulikuwa Italia, unafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Dukani." Akaingiza mkono mfukoni haraka, akatoa kikasha, akakifungua. Pete ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. "Nisikilize, roho yangu. Kule mlisaini manispaa tu, hamkuingia kanisani. Kwa padri wewe ni msichana. Tufunge ndoa Oktoba, na mtu akiuliza, sema ulikwenda kufanya kazi ukarudi. Ni neno dogo tu. Baadaye, tukishapata hata mtoto, nitamwambia Mama taratibu."

Vitore aliitazama pete muda mrefu. Aliitaka. Alimtaka na aliyeishika, na hilo ndilo lililomchoma.

"Siku ile nilidhani unanisema mimi, kumbe ilikuwa taulo," alisema. "Leo ndiyo umenisema mimi."

Akamsogeza kwa bega, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Pashk alikwenda nyumbani moja kwa moja. Mama yake alikuwa uani anachoma pilipili hoho za akiba ya baridi, moshi umemtoa machozi. Alimwambia yote akiwa amesimama, kwa pumzi moja. Alipomaliza, mama akageuza pilipili nyingine.

"Yule wa Bergamo? Najua tangu Mei. Mama yake tunakaa benchi moja kanisani. Nilikuwa nangoja umlete."

"Na huoni vibaya?"

"Nina mtoto mwenye mvi anayekula kwangu kila siku. Nikiletewa mtu wa kumchukua nimuulize alitoka wapi? Mlete Jumapili. Nitaoka tava ya samaki wa ziwani."

Mimi namlaumu Pashk kwa mengi, ila mbio alizokimbia kurudi mjini zilikuwa za kweli. Aliingia dukani akitweta, akapita katikati ya wateja mpaka kwenye meza, ambako Vitore alikuwa anapanga taulo mpya.

"Nimemwambia," alisema. "Nimemwambia kila kitu. Mama hana neno, Vitore. Anajua tangu Mei. Anasema nikulete Jumapili tule."

"Nimefurahi," Vitore alisema, na ni kweli uso wake uling'aa kidogo. "Mpe salamu zangu. Mwambie ahsante."

"Basi yamekwisha."

"Miezi yote hii ulikuwa unaniambia Mama, Mama. Kumbe Mama hakuwa na neno."

"Hakuwa nalo kabisa."

"Sasa aliyekuwa na neno alikuwa nani, Pashk?"

Pashk alifungua mdomo. Angeweza kusema alikuwa mjinga, na Vitore alimpa nafasi ya kusema, alisubiri huku kashika taulo mikononi. Lakini alikuwa anajitafutia mtu wa kumtwisha lawama, mtaa, binamu, padri, na Vitore, aliyemjua vizuri, aliona macho yake yakimtafuta mtu huyo. Mteja mmoja akauliza bei ya ndoo. Vitore akamjibu, akaipokea hela, akamrudishia chenji. Alipogeuka, Pashk alikuwa bado amesimama na bado hajasema.

"Nenda tu," alimwambia kwa upole. "Watu wanasubiri."

Alilia baadaye, stoo, Bwana Gjon akimsimamia mlango.

Siku hizi Pashk ananunua taulo mji wa Lezha, asubuhi nzima kwenda na kurudi, na mafuta anayochoma yanazidi bei ya taulo. Mama yake hamsemeshi sana. Ila kila Jumapili, kabla ya kupakua, anamuuliza aweke sahani ngapi.